Mwene, Hakimu na Polisi katika Ufipa

Katika karne ya 19 nchi yetu ya Ufipa ilikuwa na milki mbili, Nkansi na Lyangalile, nazo zote zilitawaliwa na ukoo wa Watwa. Mwene alikuwa mtawala, tena alikuwa mwamuzi. Walipokuja Wadachi, kisha Waingereza, jambo hilo halikukoma. Mwaka 1926 Gavana Cameron alitoa sheria ya mamlaka za wenyeji, na mwaka 1929 sheria nyingine iliziweka mahakama za wenyeji chini ya Mabwana Shauri, wala si chini ya Mahakama Kuu. Basi mkubwa yule yule alitoa amri, matarishi wake wakamkamata aliyeivunja, naye akaketi kumhukumu.

Utaratibu huo ulikuwa mwepesi, kwa maana shauri halikwenda mbali. Lakini mtu aliyedhulumiwa na mtawala wake, amshitakie nani? Mwaka 1963 mamlaka ya machifu yalikomeshwa, na sheria mpya ikaziunganisha mahakama zote, toka ile ya mwanzo hata Mahakama Kuu. Nayo sheria ya mwaka 2008 ikaweka njia ya kuwatenga waendesha mashitaka na polisi wapelelezi.

Kazi zimegawanywa, na ni vema. Ila shida nyingine imezaliwa. Shahidi atoka Mtowisa bondeni, apanda milima ya Lyamba lya Mfipa mpaka Sumbawanga, na huko aambiwa kwamba upelelezi haujakamilika. Yeye hurudi kwake na nauli imekwisha. Mahabusu hurudi gerezani, naye labda hana kosa. Katiba yetu, katika Ibara ya 107A, yakataza kuchelewesha haki bila sababu ya msingi. Tena mwaka 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliunda tume, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, iangalie jinsi ya kuboresha taasisi za haki jinai.

Wazee wetu walijua kugawana kazi bila kuiharibu. Chuma cha ilungu, lile tanuru refu, hakikuwa jembe bado. Kilipelekwa katika tanuru dogo la mivukuto kusafishwa, ndipo mhunzi akakipokea. Kila kazi ilikuwa na mahali pake, lakini chuma kilichoachwa njiani hakikulima shamba la mtu.

Basi tusitamani kurudi kwa mkubwa mmoja mwenye kushika yote. Yafaa polisi, mwendesha mashitaka na hakimu wapokezane kazi kwa wakati. Nasi wa vijijini tunayo sehemu yetu: aliyeona na aseme mapema, na aitwaye shaurini asikawie.