Ziwa Tanganyika na Vita vya Habari, 1914–1916

Anayesimama ufukweni Bujumbura, hewa ikiwa safi, huiona milima ya Kongo ng'ambo ya maji. Ni karibu kwa macho, lakini ni nchi nyingine. Ziwa Tanganyika, lenye urefu wa kilomita zipatazo 670, limegawanywa kati ya Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia. Mhalifu akivuka mpaka ambao maji hayauonyeshi, serikali aliyoikimbia hutegemea neno la jirani. Jambo hili si geni. Zaidi ya miaka 100 iliyopita ndilo lililoamua nani angelitawala ziwa.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, pwani ya mashariki ilikuwa ya Wajerumani, pamoja na Usumbura, kama Bujumbura ilivyoitwa wakati huo. Magharibi walikuwa Wabelgiji, kusini Waingereza. Mwezi Agosti Wajerumani waliishambulia meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, wakaiharibu. Tangu hapo meli zao, Hedwig von Wissmann na Kingani, zilizunguka ziwani bila mpinzani. Huko Kigoma waliunganisha meli kubwa zaidi, Graf von Götzen, iliyoletwa vipande vipande kutoka Ujerumani.

Aprili 1915, mwindaji aitwaye John Lee aliwaeleza wakuu wa jeshi la majini mjini London habari za meli hiyo, akashauri zipelekwe mashua ndogo zenye mbio. Waingereza walikuwa na mashua, lakini njia na bandari vilikuwa mikononi mwa Wabelgiji. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo: serikali hizo mbili zilishirikiana. Mashua Mimi na Toutou zilipita Kongo kwa reli, kwa mto, na kwa kuvutwa milimani kwa jasho la Waafrika wengi ambao vitabu havitaji majina yao. Oktoba 1915 zilifika Lukuga, karibu na Kalemie ya leo, chini ya Geoffrey Spicer-Simson.

Wajerumani hawakujua kinachowangoja. Desemba 1915 ofisa wao Rosenthal alikwenda kupeleleza Lukuga, akakamatwa. Akiwa mfungwa aliandika barua yenye ujumbe wa siri ulioandikwa kwa mkojo, lakini wenzake waliugundua baada ya miezi kadhaa. Wakati huo habari ilikuwa imekwisha kuchacha. Tarehe 26 Desemba Kingani ilitekwa. Hedwig von Wissmann ilipokuja kuchunguza, nayo ilizamishwa tarehe 9 Februari 1916. Juni Wabelgiji waliingia Usumbura, na Julai Wajerumani waliizamisha Götzen wenyewe karibu na Kigoma. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Hata hivyo, tusiusifu ushirikiano ule kupita kiasi. Ulikuwa wa watawala wawili waliokuwa na adui mmoja. Adui alipoondoka, waligawana ardhi: Ruanda-Urundi ikawa ya Ubelgiji, Tanganyika ikawa ya Uingereza. Wavuvi wa pande zote mbili hawakuulizwa neno.

Leo nchi nne zimejiwekea utaratibu wao. Mwaka 2003 zilitia saini mkataba wa kulisimamia ziwa kwa pamoja, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika ina makao yake hapa Bujumbura. Lakini kazi yake kubwa ni kulinda mazingira na samaki. Mvuvi anayeporwa injini usiku bado anahitaji habari yake ifike Uvira au Kigoma kabla mwizi hajafika.

Mwaka 2015 Liemba, meli ile ile iliyotumika vitani, iliwabeba wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga hadi Kigoma. Maji yanayotumiwa na wezi ndiyo pia njia ya wanaotafuta usalama. Kwa hiyo serikali zinapopashana habari za ziwa, haitoshi kuuliza kama habari zimefika mapema. Tuulize pia zinamlinda nani. Mwaka 1915 zililinda himaya. Sasa zimlinde mtu aliye ndani ya mtumbwi.