Kumtii Mungu Kwanza

Leo tunauliza: mkubwa wa dunia akituamuru jambo lililo kinyume cha amri ya Mungu, tumtii nani?

Tumtazame Anuarite Nengapeta, mzaliwa wa Wamba, aliyezaliwa mwaka 1939. Mwaka 1959 aliweka nadhiri katika shirika la Jamaa Takatifu huko Bafwabaka. Tarehe 29 Novemba 1964 askari Wasimba waliwapakia masista katika lori, na mwishowe wakawafikisha Isiro. Walipoambiwa wapande, walipanda. Lakini huko Isiro mkubwa wa askari alitaka kumfanya Anuarite kuwa mke wake. Hapo akakataa, kwa maana amekwisha kujitoa kwa Mungu. Akapigwa, akachomwa, kisha akapigwa risasi, akafa usiku wa kuamkia 1 Desemba. Kabla ya kufa alimsamehe mwuaji wake. Tarehe 15 Agosti 1985, huko Kinshasa, Papa Yohane Paulo II alimtangaza kuwa Mwenye Heri.

Angalieni vema. Hakukataa kila amri. Alikataa ile iliyo dhambi. Tena hakumchukia aliyeitoa. Mwenye kiburi naye hukataa, lakini hujitii mwenyewe. Anayemtii Mungu huikataa dhambi, na humsamehe mwenye dhambi.

Basi, ndugu, mkubwa akikutaka ushuhudie uwongo juu ya jirani yako, kataa kwa upole, na uwe tayari kuteswa kwa ajili yake.

Mwenye Heri Anuarite, utuombee.