Jicho Moja la Frank McGee

Frank McGee alikuwa karani wa serikali huko Ottawa, Kanada. Hoki ya barafuni aliicheza kwa mapenzi tu, si kwa mshahara. Mwaka 1900 alipigwa jichoni mchezoni, likapofuka. Wengi wetu tungeishia hapo. Yeye mwaka 1903 akarudi, tena na timu kubwa ya Ottawa. Januari 16, 1905, walipowakandika Dawson City 23–2 kwenye Kombe la Stanley, McGee peke yake alifunga mabao 14. Mpaka leo rekodi hiyo ya kombe haijavunjwa.

Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja, jeshi lilimpokea na jicho lake moja. Aliuawa Ufaransa Septemba 16, 1916, mwili haukupatikana. Najiuliza: aliyempima alikuwa na macho mangapi?