Walkerton, Mei 2000: Klorini, Mvua na Namba Zilizoandikwa Bila Kupimwa

Usalama wa maji ya bomba katika mji mdogo hutegemea chanzo kilichochimbwa mahali panapofaa, dawa inayotiwa kwa kiwango sahihi, na mtu anayepima maji hayo kila siku kabla hayajafika majumbani. Kati ya mambo hayo, kipimo cha kila siku ndicho hupewa uzito mdogo kuliko yote, kwa sababu huchukua dakika chache, hufanywa na mhudumu asiye na cheo, na matokeo yake huandikwa katika daftari ambalo wakubwa hulifungua kwa nadra. Katika mji wa Walkerton, ulioko kusini magharibi mwa jimbo la Ontario nchini Kanada, daftari la namna hiyo lilijazwa kwa miaka mingi kwa namba za kubuni, na mwezi Mei 2000 mji huo wa wakazi wapatao 4,800 ulipata msiba ambao ulibadilisha sheria za maji za jimbo zima: zaidi ya watu 2,300 waliugua na 7 wakafariki.

Ili kuelewa uzito wa namba hizo za kubuni ni lazima kurudi nyuma zaidi ya miaka mia moja. Hadi mwishoni mwa karne ya 19 miji ya Ulaya na Marekani iliyokuwa na mabomba ilitegemea zaidi kuchuja maji kwa mchanga, njia inayopunguza vijidudu lakini isiyoviua vyote. Mwaka 1897 mji wa Maidstone, kusini mashariki mwa Uingereza, ulikumbwa na homa ya matumbo, yaani taifodi, iliyoenezwa na chemchemi zilizoingiwa na kinyesi cha binadamu. Zaidi ya watu 1,800 waliugua, 132 wakafa, na katika kuukomesha ugonjwa huo mabomba ya mji yalisafishwa kwa maji yaliyochanganywa na unga wa klorini, uleule uliokuwa ukitumika viwandani kung'arisha vitambaa. Hilo lilifanyika mara moja tu. Kuyatia maji klorini mfululizo kulianza mwaka 1902 huko Middelkerke, mji mdogo wa pwani ya Ubelgiji, kukafuatiwa na Lincoln nchini Uingereza mwaka 1905, kisha Jersey City nchini Marekani mwaka 1908, ambako daktari John Leal aliamua kuitia dawa hiyo katika maji ya bwawa la Boonton kabla hajaruhusiwa na mahakama, na mahakama iliyosikiliza shauri kuhusu maji hayo baadaye ikaukubali uamuzi huo. Katika miongo michache iliyofuata taifodi ilipungua sana katika miji iliyoiga mfano huo, ingawa wengi walilalamikia harufu na ladha ya dawa, malalamiko ambayo hayajakoma hadi leo.

Klorini ina tabia moja inayoifanya itofautiane na uchujaji wowote, nayo ni kwamba hubaki ndani ya maji. Inapotiwa, sehemu yake hutumika mara moja kuua vijidudu na kuunguza uchafu mwingine, na ile isiyotumika huendelea kusafiri na maji ndani ya mabomba, ikiyalinda hadi kwenye kikombe cha mnywaji. Sehemu hiyo ndiyo wataalamu huiita klorini inayobaki, na hupimwa kwa miligramu katika kila lita. Manufaa yake hayaishii kwenye ulinzi. Uchafu unapoongezeka ghafla katika chanzo, dawa nyingi zaidi hutumika na kiasi kinachobaki hushuka, hivyo mhudumu anayepima hupata ishara ya hatari papo hapo, wakati ambapo maabara inahitaji siku moja au zaidi kuotesha bakteria na kutoa jibu. Kipimo chenyewe ni chepesi: mhudumu hukinga maji kiasi cha mililita 10 katika kichupa cha kioo, hudondosha kidonge kimoja, hutikisa, kisha hulinganisha rangi ya waridi inayojitokeza na rangi zilizopangwa katika kifaa chake kuanzia iliyofifia hadi iliyokolea. Maji yakibaki meupe, klorini imekwisha, na chochote kilichoingia kwenye chanzo kinaweza kuwa tayari kiko njiani kuelekea majumbani. Katika Ontario ya wakati huo mwongozo ulitaka ibaki angalau miligramu 0.5 kwa lita baada ya maji kukaa na dawa kwa dakika 15.

Kwa bahati mbaya, mji wa Walkerton ulikuwa na chanzo kilichohitaji sana ishara hiyo. Kisima Namba 5, kilichochimbwa mwaka 1978, kilikuwa kisima kifupi chenye kina cha mita 15 tu, na maji yake mengi yaliingia kupitia nyufa za mwamba wa chokaa zilizo katika kina kisichofika mita 8 kutoka juu ya ardhi, huku udongo unaoufunika mwamba huo ukiwa mwembamba mno kuweza kuchuja kitu. Mwamba wa chokaa wenye nyufa hupitisha maji kwa kasi kubwa, kwa hiyo mvua iliyonyesha shambani iliweza kufika kisimani bila kuchujwa na ardhi kama inavyotarajiwa kwa maji ya chini. Mashamba yalikuwa karibu. Mtaalamu wa maji ya ardhini aliyesimamia uchimbaji alitambua hatari hiyo na kuushauri mji uidhibiti ardhi inayokizunguka kisima kwa kuinunua. Ushauri huo haukutekelezwa, kisima kikaidhinishwa, na wakaguzi wa serikali waliofika miaka ya 1991, 1995 na 1998 hawakukipa uangalizi wa pekee kiliostahili.

Shirika la maji la mji liliongozwa na Stan Koebel, akisaidiwa na ndugu yake Frank Koebel aliyekuwa msimamizi wa wafanyakazi. Wote wawili waliingia kazini wakiwa vijana, wakajifunza kwa kuwatazama waliowatangulia, na baadaye wakapewa vyeti vya uendeshaji kwa kigezo cha uzoefu, pasipo mafunzo wala mtihani. Waliyaamini maji ya mji wao kiasi cha kuyanywa yakiwa hayajatiwa dawa, na wakazi walipolalamika kwamba maji yananukia klorini, walipunguza kiwango chake. Kila siku walipaswa kupima klorini inayobaki kwenye kila kisima kinachofanya kazi, lakini siku nyingi hawakupima, wakaandika daftarini 0.5 au 0.75, namba mbili zilizorudiwa karatasi baada ya karatasi karibu bila mabadiliko. Mtu yeyote aliyewahi kupima maji anajua kwamba namba za kweli hupanda na kushuka kwa kufuata mvua, joto na kasi ya pampu, na kwa hiyo daftari lile lilikuwa likijishtaki lenyewe; ukaguzi wa mwaka 1998 uligundua kasoro kadhaa, yakiwemo maji yaliyopatikana na bakteria wa kinyesi, lakini wizara ya mazingira ya jimbo haikutoa amri ya kisheria wala haikurudi kuhakikisha kwamba kasoro zimerekebishwa.

Kati ya tarehe 8 na 12 Mei 2000 zilinyesha mvua za jumla ya milimita 134, zikakuta samadi ya ng'ombe iliyomwagwa wiki chache kabla katika shamba lililo karibu na Kisima Namba 5. Mkulima aliyeimwaga alifuata taratibu zote za kilimo bora, na tume iliyochunguza baadaye ilisema waziwazi kwamba hakuwa na kosa, jambo linalostahili kukumbukwa kwa kuwa katika misiba ya namna hii mkulima ndiye hulaumiwa kwanza. Maji ya mvua yaliingia kisimani yakiwa na bakteria aina ya kampilobakta na aina hatari ya ikolai inayojulikana kwa alama O157:H7, ambayo huishi ndani ya utumbo wa ng'ombe bila kumdhuru, lakini ikiingia kwa binadamu hutoa sumu inayosababisha kuhara damu na, kwa baadhi ya watoto wadogo na wazee, huharibu mishipa midogo ya figo hadi figo zikashindwa kufanya kazi. Dawa kidogo iliyokuwa ikitiwa ilimezwa yote na uchafu huo. Wakati huohuo Kisima Namba 7 kiliendeshwa kwa siku kadhaa bila kifaa chochote cha kutia klorini, huku kifaa kipya kilichonunuliwa kwa ajili yake kikiwa kimehifadhiwa tangu Desemba 1998.

Yaliyofuata yanaonyesha jinsi siku chache zinavyoweza kupotea. Sampuli zilichukuliwa tarehe 15 Mei, na tarehe 17 maabara binafsi ilimjulisha Stan Koebel kwamba zimejaa bakteria wa kinyesi; hakumwambia mtu. Tarehe 18 na 19 watoto walianza kukosekana shuleni na wengine kufikishwa hospitalini katika mji wa Owen Sound wakihara damu, na daktari wa watoto akaitaarifu ofisi ya afya ya eneo. Ofisi hiyo ilipopiga simu kuuliza hali ya maji, meneja alijibu kwamba maji ni salama, huku akiongeza klorini na kufungulia mabomba ili yajisafishe kimyakimya. Mfanyakazi mmoja wa shirika hilo, asiyetaka kutajwa, ndiye aliyepiga simu wizarani tarehe 20 kueleza kwamba sampuli zimeshindwa. Hatimaye, saa 7:30 mchana wa Jumapili tarehe 21 Mei, daktari mkuu wa afya wa eneo, Murray McQuigge, bila kusubiri uthibitisho wa maabara, alitoa tangazo la kuwataka wakazi wachemshe maji kabla ya kuyanywa. Lilitangazwa kwenye redio za eneo tu, na takriban nusu ya wakazi hawakulipata siku hiyo. Mgonjwa wa kwanza alifariki kesho yake. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, aliyekulia katika nyumba ambamo sufuria la maji ya kunywa huchemka kila jioni, ni vigumu kufikiria mji ambamo hakuna anayechemsha maji hadi aambiwe. Lakini imani hiyo kwa bomba ndiyo kila nchi huitafuta inapojenga mtandao wa maji, na ndiyo iliyovunjwa Walkerton. Amri ya kuchemsha maji haikuondolewa hadi Desemba 2000.

Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Dennis O'Connor ilitoa ripoti yake katika sehemu mbili mwaka 2002. Iliwashutumu akina Koebel kwa uongo na uzembe wao, na mwaka 2004 wote wawili walikiri kosa mahakamani, Stan akahukumiwa kifungo cha mwaka mmoja na Frank kifungo cha nyumbani cha miezi tisa. Hata hivyo thamani ya ripoti hiyo iko mahali pengine, katika ukakamavu wake wa kukataa kuishia kwa watu wawili. Jaji alionyesha kwamba vipima klorini vya kujiendesha vyenye kengele, kama vingefungwa kwenye Kisima Namba 5, vingeuzuia mlipuko huo, na kwamba wizara iliyokuwa na wajibu wa kuagiza vifungwe haikufanya hivyo. Alionyesha pia kwamba mwaka 1996 serikali ya jimbo, ikipunguza matumizi, iliacha kupima sampuli za miji katika maabara zake na kuiachia kazi hiyo sekta binafsi, bila kutunga kanuni ya kuzilazimisha maabara binafsi ziijulishe wizara na ofisi ya afya matokeo mabaya yanapopatikana. Maabara iliyopokea sampuli za Mei 2000 ilipeleka majibu kwa mteja wake peke yake, na sheria haikuitaka ifanye zaidi ya hapo. Waziri mkuu wa jimbo, Mike Harris, aliitwa kutoa ushahidi mbele ya tume, na ripoti ikasema kwamba upunguzaji wa bajeti ulifanywa bila kupima hatari zake kwa afya ya watu.

Sheria ya Maji Salama ya Kunywa ilipitishwa Ontario mwaka 2002, ikafuatiwa mwaka 2006 na sheria ya kulinda vyanzo vya maji, na mjini Walkerton kwenyewe kikajengwa kituo cha kuwafundisha wahudumu wa maji, ambao sasa hawawezi kupata leseni bila mafunzo na mtihani. Watafiti waliendelea kuwafuatilia wakazi kwa miaka kadhaa na kukuta kwamba baadhi ya walioharisha mwaka 2000 walibaki na maumivu ya tumbo ya mara kwa mara, na kwamba hatari ya shinikizo la damu na kudhoofika kwa figo ilikuwa kubwa zaidi kwao kuliko kwa majirani zao ambao hawakuugua.

Nje ya Kanada ripoti ya O'Connor ilisomwa sana na wataalamu, lakini haikuizuia historia kujirudia. Agosti 2016 mvua kubwa ilinyesha Havelock North, mji mdogo wa New Zealand wenye wakazi wapatao 14,000, ambao maji yao yalitolewa visimani na kusambazwa bila klorini kwa imani kwamba yanatoka ardhini yakiwa safi. Kinyesi cha kondoo kutoka malisho ya jirani kiliingia katika visima vya barabara ya Brookvale, na zaidi ya watu 5,000 wakaugua kampilobakta. Uchunguzi wa serikali uliofuata ulifukua kumbukumbu za mwaka 1998, ambapo ugonjwa uleule ulizuka katika mji uleule, ukahusishwa na visima vilevile vya Brookvale, ripoti ikaandikwa, na ripoti hiyo ikasahauliwa.