Gari la Jinja na Safari ya Ngong

Kila mwaka, kwa kawaida mwezi wa Septemba, uwanja wa mbio za farasi ulioko kwenye Barabara ya Ngong jijini Nairobi hugeuzwa kuwa uwanja wa magari. Kwenye nyasi hupangwa magari ya zamani na ya michezo, yamesuguliwa mpaka mtu anajiona uso kwenye bodi. Shindano hilo huitwa Concours d'Elegance, jina la Kifaransa lenye maana ya shindano la umaridadi, na lilianzishwa mwaka 1970 na chama cha wenye magari ya Alfa Romeo nchini Kenya. Mjomba wangu anataka kwenda huko na gari lake aina ya MGB. Mimi alinipa kazi moja tu: niandike maelezo mafupi ya historia ya gari hilo, ya kuwekwa kwenye kibao mbele ya boneti ili watazamaji wayasome. Alidhani ni kazi ya jioni moja, kwa kuwa nasoma Kiswahili na historia. Insha hii imetokana na kushindwa kwangu kuimaliza.

Nianze na desturi yenyewe, ambayo haikuzaliwa kwetu. Matajiri wa Ulaya walikuwa wakionyeshana magari yao tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1929 shindano la Villa d'Este lilianza kando ya Ziwa Como nchini Italia. Wamarekani walifuata na lao la Pebble Beach, California, mwaka 1950. La Pebble Beach lilianza kama pambo la mbio za magari zilizopita katikati ya msitu. Mwaka 1956 dereva mmoja alikufa katika mbio hizo, zikahamishwa mahali pengine, lakini maonyesho yakabaki. Jambo hilo linatusaidia kuelewa shindano la Ngong, ambako hakuna anayeshinda kwa spidi. Majaji huinama wakachungulia chini ya gari, hufungua buti, hutazama injini, viti na rangi. Gari la gharama linaweza kushindwa na kigari cha bei ndogo ambacho mwenyewe amekitunza vizuri zaidi.

Afrika Mashariki, hata hivyo, ilikuwa na sababu yake ya kupenda magari kabla ya 1970. Mwaka 1953, ili kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yaliandaliwa mashindano ya Coronation Safari yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1960 yakabadilishwa jina kuwa East African Safari. Wazee wa Jinja wanaokumbuka miaka hiyo husimulia jinsi walivyosimama kando ya barabara tangu alfajiri kusubiri vumbi. Naamini hapo ndipo mapenzi haya yalipotoka, si Villa d'Este. Watoto wa Busoga walijua majina ya madereva kabla ya kujua majina ya mawaziri.

Katika madereva hao, mmoja anaihusu sana kazi yangu. Shekhar Mehta alizaliwa Uganda mwaka 1945. Mwaka 1973 alishinda Safari akiendesha Datsun 240Z, gari la michezo hasa, baada ya kufungana pointi na dereva wa Sweden, Harry Källström. Baadaye alishinda tena mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Vitabu vingi humtaja kama dereva wa Kenya, na si makosa, kwa sababu ushindi ule wa kwanza ulimkuta akiwa tayari ni Mkenya. Familia yake ilikuwa imefukuzwa Uganda miezi michache kabla.

Hapa historia ya mchezo inaingia katika historia nyingine. Tarehe 4 Agosti 1972, Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke, na akawapa siku 90. Uingereza ilipokea zaidi ya watu 27,000 na Kanada ilipokea maelfu. Halmashauri ya jiji la Leicester ilifikia hatua ya kuchapisha tangazo katika gazeti la Uganda Argus, ikiwasihi wasiende kwao. Walikwenda. Maduka, nyumba, viwanda na magari yakabaki, na serikali ikaunda bodi ya kusimamia mali hizo. Mali nyingi ziligawiwa wanajeshi na watu wenye kujuana nao. Mwaka 1982 ilitungwa sheria iliyofungua njia ya kuzirudisha, na katika miaka ya 1990 majengo mengi ya Jinja na Kampala yalirudi kwa wenyewe. Anayetembea leo Barabara Kuu ya Jinja ataona majina ya Kihindi na miaka ya kujengwa kwa maduka yamechorwa juu kwenye saruji. Majina hayo hayakuondoka hata siku moja, ila wenyewe.

Gari letu halikupitia bodi yoyote. Ni MGB ya mwaka 1967, ya watu wawili, yenye paa la turubai na kabureta mbili. Lilikuwa la mfanyabiashara wa Jinja ambaye babu, mzaa mama, alikuwa fundi wake. Sitamtaja jina, maana jamaa zake wako hai. Siku chache kabla ya kuondoka, tajiri huyo alimpa babu ufunguo. Babu alilifungua gari vipande vipande: magurudumu akayatundika darini, kabureta akazifunga katika gunia la mahindi, injini akaifukia kwenye pumba. Wanajeshi walipokuja waliona bodi tupu, wakacheka, wakaenda zao. Alilirudishia miaka mingi baadaye, akafa akiwa hajawahi kuliendesha zaidi ya maili kumi.

Nikaandika rasimu ya kwanza: "Gari hili lilinunuliwa na familia yetu mwaka 1972." Mjomba mwenyewe aliifuta, kwa sababu hakuna aliyenunua kitu. Akaniambia niandike "babu yetu alipewa." Nyanya alikuwa anasikiliza kutoka barazani. Anazungumza Kisoga, nami namtafsiri hapa: "Hakupewa. Aliambiwa alitunze."

Wenzangu, sisi tunaosoma viambishi na minyambuliko darasani huwa tunaviona kama hesabu za kupatia alama tu. Kibao cha mjomba kimenifundisha vingine. Nikisema tajiri aliacha gari, nimesema alikwenda bila kujali, kana kwamba hakufukuzwa. Nikisema gari liliachwa, aliyeacha ametoweka katika sentensi, na pamoja naye ametoweka aliyemlazimisha aache. Nikisema alimwachia babu gari, kiambishi kimoja kimegeuza amana kuwa zawadi, au angalau kimeruhusu msikilizaji afikiri hivyo. Mjomba alikipenda kitenzi hicho mara moja, na sababu naijua. Kinasema kweli na kinafunika kweli kwa wakati mmoja. Nilipopendekeza "alimwekea amana", alinyamaza, kisha akauliza, "Na mwenye amana akisoma?"

Swali lake halikuwa la darasani. Kutoka Kampala hadi Nairobi ni karibu kilomita 650, na katikati kuna mpaka wa Malaba. Bima ya nje unaweza kuikata, ile inayoitwa Kadi ya Njano, lakini maofisa wa forodha watataka kadi ya gari kwanza, na kadi yetu ina jina la mtu aliyeondoka mwaka 1972. Babu hakuibadilisha. Mjomba husema alikuwa mzembe wa makaratasi. Nyanya husema alikataa. Mimi namwamini nyanya, kwa sababu babu huyo huyo alihifadhi risiti za spea tangu miaka ya 1980, zimepangwa kwa mwaka ndani ya kopo la biskuti, kama mtu anayejua kwamba siku moja ataulizwa hesabu.

Yapo mambo mengine ya safari ambayo ni rahisi kidogo. Barabara hupanda mpaka Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, na gari lenye kabureta hupata taabu huko: hewa ni nyepesi, petroli inazidi, injini inatoa moshi mweusi na kukosa nguvu. Fundi anashauri tuvipande vilima asubuhi, tena polepole, na tusiguse kabureta mpaka Nairobi. Breki zimebadilishwa. Paa limeshonwa na fundi wa viti pale Owino, na kama majaji wanajua turubai la asili lilikuwaje, tutapoteza alama. Mjomba hajali sana. Anachotaka ni kuona gari lile limesimama kwenye nyasi za Ngong. Babu alikuwa na picha ya gazeti ya shindano hilo, ameibandika ndani ya mlango wa stoo.

Kupitia mwenye duka mmoja aliyerejea Jinja tulipata anwani ya binti wa tajiri, ambaye sasa ni bibi mzee anayeishi Leicester. Niliandika barua, mjomba akatia sahihi. Nilieleza kila kitu, na mahali pa kitenzi nikaweka kile cha nyanya: babu aliambiwa alitunze. Tuliomba ruhusa ya kwenda nalo Ngong, na tukamwuliza anataka jina la baba yake liandikwe vipi. Mjomba alitaka tuombe pia saini ya kuhamisha kadi. Tulibishana siku mbili, mwishowe hatukuandika.

Jibu lilikuja baada ya wiki tano. Aliuliza kama lile pengo dogo kwenye mlango wa kushoto bado lipo. Alilitia yeye kwa baiskeli akiwa na miaka tisa. Akasema atazungumza na kaka zake wawili, mmoja yuko Kanada, kisha atatuandikia tena.

Pengo lipo. Babu alilipaka rangi bila kulinyoosha. Barua ya pili haijafika, na mpaka Septemba imebaki miezi mitatu. Wiki iliyopita mjomba alikwenda Kampala akanunua betri mbili za volti 6, zile zinazokaa nyuma ya viti. Kibao nimekwisha kukikata na kukipiga msasa. Kimeandikwa aina ya gari, mwaka wa kutengenezwa na jina la mji wa Jinja. Mistari miwili ya katikati iko wazi.