Kampi ya kampuni na riwaya za distopia: nani anashika ufunguo wa nyumba?

Distopia ni riwaya yenye kuonyesha jamii yenye iko na utaratibu mingi lakini mutu hana nafasi ya kupumua. Mu kitabu 1984 cha George Orwell (1949), watu wanatulia kwa sababu ya woga. Mu Brave New World ya Aldous Huxley (1932), hakuna haja ya fimbo: watoto wanatengenezwa ndani ya chupa, wanapangiwa daraja mbele ya kuzaliwa, na mwenye kuhuzunika anameza kidonge. Wote wanashiba. Huxley anauliza: mutu akipewa kila kitu, ni nini inabakia yake mwenyewe?

Hapa Lubumbashi, ile swali haiko ya vitabu tu.

Bei ya posho

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa 1906. Mwanzoni ilileta wanaume kwa mikataba mifupi, bila wabibi. Wengi walikufa, wengi walikimbia. Kuelekea mwaka wa 1928 kampuni ikabadilisha mupango. Ikaanza kutoa mikataba ya miaka tatu, nyumba ya jamaa, posho, hospitali na masomo ya wamisionere. Watoto walizaliwa kampini, na wengi wakaingia kazi ya baba. Jina la ule mupango lilikuwa "stabilisation", ni kusema, kutuliza watu fasi moja.

Utulivu ule ulikuwa na bei. Mukubwa wa kampi alifuata maisha ya kila nyumba, na mugeni wa kulala alipashwa kuwa na ruhusa. Nyumba ilikuwa ya kampuni: ukifukuzwa kazi, unatoka na bibi na watoto. Waafrika hawakuruhusiwa kuwa na sendika mupaka 1946.

Desemba 1941, wakati wa vita, bei ya vitu ilikuwa imepanda, na wafanyakazi wakagoma kwa kuomba mushahara. Tarehe 9, askari waliwapiga risasi kwenye uwanja wa mupira, hapa mujini. Makumi ya watu walikufa, kati yao Léonard Mpoyi, mwenye kuwasemea. Posho ilikuwa mu mukataba. Kusema "hapana" haikuwamo.

Baba akiishiwa

Mwaka wa 1967 kampuni ikawa ya serikali, na kisha ikaitwa Gécamines. Nyumba, posho, masomo na hospitali vikaendelea. Bazee wenye kukumbuka ile miaka kwa furaha hawakosei: mutoto alitibiwa, alisoma, alikula.

Lakini Septemba 1990 mugodi wa Kamoto, kule Kolwezi, ukaporomoka. Shaba ikapunguka sana, mishahara ikakosa miezi na miezi. Mu 2003, kwa feza za Banki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10.000 wakaachishwa, iliitwa "départ volontaire", kuondoka kwa mapenzi. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alitoa mu 2001 kitabu juu ya Bana Shaba wenye kuachwa na baba yao.

Hapo njo distopia ya Huxley inatofautiana na yetu. Kwake, serikali haiishiwe na chakula hata siku moja. Hapa, wazazi walilipa kwa uhuru, na siku moja utulivu wenyewe ukaenda.

Uhuru bila posho

Fiston Mwanza Mujila, mwenye kuzaliwa Lubumbashi mu 1981, aliandika upande wa pili. Mu Tram 83 (2014), muji wa migodi hauna mukubwa wa kampi. Kila mutu anatafuta feza mwenyewe, mu shimo ao mu baa, na hakuna mwenye kumulinda. Creuseur wetu anajua ile maisha: anachagua siku yake ya kushuka, lakini munuzi njo anaweka bei, na shimo likibomoka ni jamaa tu inalia.

Kwa hiyo kuuliza "uhuru ao utulivu?" hakutoshi. Tuulize nani anashika ufunguo, na kama wenye kulala ndani wanaweza kumuuliza maswali. Leo Kodi ya Migodi ya 2018 inaomba kampuni iandikiane na wakaaji "cahier des charges", na itenge 0,3% ya mauzo kwa maendeleo yao. Mbele ya kupigia ahadi makofi, musome ile karatasi: kampuni ikienda, hospitali inabakia ya nani, na nani atalipa munganga?