VITA YA ZIWANI JUU YA MEZA YETU (Sehemu ya 3)

Samahani kwa kupotea, nilikuwa zamu ya usiku wiki nzima.

Kwa wapya: mwanangu wa darasa la sita anatengeneza diorama, yaani tukio la historia lililofanywa dogo juu ya ubao. Amechagua Mwanza, Julai 1916, Waingereza wanapouteka mji kutoka kwa Wajerumani. Tulianza na miamba, tukapanga kokoto mpaka Jiwe la Bismarck likatokea. Halafu maji: gundi nyeupe juu ya rangi ya bluu, ikikauka inang'aa kama ziwa asubuhi. Leo ni meli na watu, na hapa ndipo tulipogombana.

Kipimo chetu ni 1 kwa 72. Mtu wa sentimita 170 anakuwa sentimita 2 na ushee, kama nusu ya njiti ya kiberiti. Meli ya mita 50 inakuwa karibu sentimita 70! Ubao wetu ni mlango wa kabati bovu, kwa hiyo meli tumeweka pua tu, ya boksi la viatu.

Hizo meli zenyewe zilikuja kama midoli ya kuunganisha, jamani. William Mackinnon iliundwa Scotland, ikafunguliwa vipande, ikaletwa Mombasa. Reli ilikuwa haijafika ziwani, hivyo ilipoishia, vipande vikaendelea na wapagazi. Ikaunganishwa Kisumu na kushushwa majini mwaka 1900. Zikafuata Winifred na Sybil. Vita ilipoanza 1914, meli hizi za abiria na mizigo zikafungwa mizinga. Wajerumani walikuwa na boti ndogo tu, Muansa, lakini waliwasumbua. Sybil ilikwama ufukweni upande wao mwaka huohuo. Juni 1915 Waingereza wakavamia Bukoba, wakaharibu mitambo ya simu ya upepo, na mji ukaporwa. Mwanza ikatekwa 14 Julai 1916, Wajerumani wakarudi nyuma kuelekea Tabora.

Sasa ugomvi. Mtoto amefinyanga askari 60, wote na bunduki, wamejipanga vizuri kabisa. Nikamuuliza, "Baba, risasi na chakula chao kabeba nani?" Akaniangalia tu. Kitabu chake kina picha za maofisa.

Bibi yangu wa Magu alikuwa akisimulia kwamba babu yake alichukuliwa kubeba mizigo, hakurudi. Kaburi hatulijui. Na hakuwa peke yake, maana pande zote mbili zilitegemea vichwa na mabega ya watu. Jina la Kariakoo kule Dar limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza.

Mimi kama nesi ndiyo sehemu inayoniuma. Wengi wa wapagazi hawakuuawa na risasi. Ni kuhara damu, malaria na nimonia. Walipewa unga wa mahindi ambao wengine hawakuuzoea, ukapikwa haraka haujaiva, tumbo likaharibika, na safari inaendelea na mzigo kichwani. ORS ilikuwa haijagunduliwa. Leo mtu wa hivyo akifika mapema tunampa maji, tunamlaza, na mara nyingi anarudi kwake anatembea. Kila nikisoma habari zile naona wodi isiyo na kitanda hata kimoja.

Basi jana jioni akaponda askari 20 mwenyewe, bila kuambiwa, akaanza upya. Mizigo ni punje za maharage, kamba ni uzi wa kushonea. Mmoja kamlaza chini ya mti. Nikamuuliza huyu vipi, akasema, "Anaumwa tumbo, mama."

Gundi kali tunabandikia hizo punje mimi mwenyewe, yeye anashika udongo tu. Vidole vya mtoto vikigandana usivute: loweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni, taratibu. Ikiingia jichoni, usijaribu kumfungua kope kwa nguvu, safisha kwa maji ya uvuguvugu na umkimbize hospitali.

Mwalimu anataka kazi Ijumaa. Ukubali usikubali, amesema askari mmoja anahitaji wapagazi watatu, kwa hiyo bado tuna watu mia moja wa kufinyanga. Mwenye udongo wa mfinyanzi mzuri huku Nyegezi aje inbox.